Kupima Kumbukumbu za Wazee

Wengi wenu mnao wazee nyumbani, na huenda mmesikia neno demensia likitajwa hospitalini. Si uchawi, wala si uzee mtupu. Ni maradhi ya ubongo yanayompotezea mtu kumbukumbu kidogo kidogo, hata ashindwe kazi aliyoizoea. Nataka kueleza jinsi yanavyopimwa, maana hapa kwetu Gisenyi kipimo chenyewe chaweza kumwonea mzee.

Bibi yangu hakukaa darasani hata siku moja, lakini kwa miaka mingi alivusha vitunguu mpaka Goma, akihesabu faranga za Rwanda na za Kongo kichwani. Alipoanza kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, tulimpeleka kwa daktari. Akapewa kalamu.

Kipimo kilichoenea sana kilitolewa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh. Alama zake ni 30. Mzee huulizwa tarehe, hutajiwa vitu vitatu avikumbuke, hutoa 7 katika 100, kisha 7 tena na tena. Halafu huandika sentensi. Kingine ni cha Ziad Nasreddine wa Montreal, cha mwaka 2005. Hicho humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Ukarimu mdogo kweli kwa asiyejua kushika kalamu! Tena humtaka ataje jina la ngamia katika picha, na achore saa ya kumi na moja na dakika kumi kwa hesabu ya Wazungu. Kwa bibi, mshale mfupi ukiwa kwenye 11 ni saa tano. Akiuweka kwenye 5, je, akili imempotea? Mimi nasema la.

Kwa wazee kama hao kuna kipimo kiitwacho IDEA, kilichotolewa mwaka 2014 baada ya kazi iliyofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hakihitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni nini, leo siku gani, mkuu wa kijiji ni nani (kwetu, kiongozi wa umudugudu). Hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti, na hurudia maneno kumi aliyofundishwa kitambo kidogo nyuma.

Muuguzi mmoja alimwuliza bibi kwa namna hiyo. Siku aliijua. Kiongozi alimtaja, na baba yake pia, ingawa hakuulizwa! Lakini katika yale maneno kumi hakurudi hata moja. Basi wasiwasi wetu ulikuwa wa kweli, na sasa tulijua uko wapi.

Hata hivyo alama ndogo si hukumu. Huzuni nzito, masikio mazito, tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, au dawa fulani huweza kumchanganya mzee, na mengi ya hayo hutibika. Kwa hiyo daktari hupima damu, tena humhoji aliye karibu naye: miaka mitano iliyopita aliweza nini, leo hawezi nini? Hapo mjukuu ana kazi. Mimi niliandika daftarini kwa muda wa mwezi mmoja: chenji iliyokosewa, sufuria iliyoungua, njia ya sokoni iliyompotea. Daktari alilisoma daftari lile kabla ya kuangalia alama.