Maziwa, uji na mpira: Dawa ya watoto wa kambini

SHABIKI anayemfuatilia Nestory Irankunda anajua alikoanzia. Winga huyo wa Australia alizaliwa Februari 2006 kambini Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi. Miaka 18 baadaye alikuwa mchezaji wa Bayern Munich.

Juu zaidi, Ngara mkoani Kagera, kulikuwa na kambi nyingine ya Warundi: Lukole. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, viliwasukuma watu kuvuka mpaka, na kambi ikafikisha takriban watu 100,000. Ukiujaza Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000, bado 40,000 wanabaki getini.

Wote hao walikula mgawo: mahindi, maharage, mafuta, chumvi na unga wa lishe wa kupikia uji. Kipimo cha kimataifa ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mchezaji wa ligi kubwa anachoma zaidi ya 3,000. Na pesa za wafadhili zikipungua, mgawo unakatwa, hizo 2,100 zinabaki kwenye makaratasi tu.

Anayeumia wa kwanza ni mtoto mdogo. Nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, hamu ya kula inakwisha. Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga: wanadhani dawa ni kumshindilia ugali mpaka ashibe. Mtoto wa hivyo akilishwa kwa pupa anaweza kufa, maana moyo na figo vimechoka. Hakuna kocha anayemtoa mchezaji kwenye upasuaji wa goti akamwambia amalize dakika 90.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaanza polepole. Kipindi cha kwanza ni maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Antibayotiki anapewa, lakini vidonge vya madini ya chuma vinasubiri. Hamu ikirudi, kwa kawaida ndani ya wiki, anaingia F-100 yenye nguvu zaidi, na hapo kilo zinaanza kupanda.

Halafu inakuja hatua ya tisa kati ya kumi, ambayo watu wa soka wataipenda: michezo. Ndiyo, imeandikwa kabisa kwenye matibabu. Dakika 15 hadi 30 kila siku, kwa vitu vya kuchezea vinavyotengenezwa palepale, hata vifuniko vya chupa. Utafiti uliofanywa Jamaica ulionyesha kuwa chakula peke yake kinarudisha mwili, ila akili ya mtoto inabaki nyuma asipochezeshwa.

Mpira wa makaratasi na kamba haujawahi kumshinda mtu Ngara. Kabla ya kuruhusiwa, mama anafundishwa mambo mawili ya kuendelea nayo nyumbani: namna ya kumlisha mwanawe mara nyingi kwa siku, na namna ya kucheza naye.