Mkataba wa Kupanga Ukiisha: Haki za Mpangaji katika Meru na Embu

Siku ya mwisho wa mwezi ni siku ya hesabu katika miji ya Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru na Maua. Karani huhesabu mshahara wake, mwenye duka huhesabu mauzo yake, na kila mmoja hutenga fedha ya kodi kabla ya kununua kitu kingine. Lakini hutokea mara kwa mara mpangaji akafika na kodi mkononi, mwenye mali akakataa kuipokea, akasema: "Mkataba wetu umekwisha. Jumamosi nataka ufunguo wangu."

Maneno hayo ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa. Ikiwa mahali penyewe ni duka, ndipo wateja walipozoea kuja kwa miaka; ikiwa ni nyumba, ndimo watoto wanamolala; na ikiwa ni shamba, ndimo yaliyomo mahindi ambayo bado hayajakomaa.

Watu wengi hudhani ya kuwa hapo hapana la kusema tena: mali ni ya mwenyewe, na mwenyewe ameitaka. Wengine hudhani kinyume chake, ya kuwa mtu aliyekaa mahali miaka mingi hawezi kuondolewa kamwe. Wote wawili wamekosea. Sheria ya Kenya haimnyang'anyi mwenye mali kilicho chake, wala haimwachi mpangaji atupwe nje siku moja na vyombo vyake. Inachotaka ni kwamba kupanga kumalizike kwa njia iliyowekwa, si kwa neno la mdomo wala kwa kufuli mpya mlangoni. Na njia hiyo si moja: duka lina yake, nyumba ina yake, na shamba lina yake.

NENO LA WAZEE NA HATI YA SERIKALI

Zamani katika nchi za mlimani, mtu asiye na ardhi ya kutosha aliweza kwenda kwa ukoo mwingine akaomba mahali pa kulima. Wakikuyu walimwita mtu huyo muhoi, yaani mwombaji. Hakuwa na karatasi. Wazee waliokuwapo siku alipopewa ndio waliokuwa hati yake. Katika Meru, ugomvi ulipozuka, ulifika mbele ya wazee, na yaliyo makubwa yakafika mbele ya Njuri Ncheke.

Mambo yalibadilika baada ya mpango wa kilimo uliotungwa na Bwana Roger Swynnerton mwaka 1954. Vipande vya ardhi vilikusanywa pamoja, mipaka ikapimwa, na majina yakaandikwa katika daftari la Serikali. Aliyeandikwa alipata hati. Aliyekuwa akilima kwa hisani ya mwingine hakuandikwa, na wengi wa namna hiyo walijikuta hawana pa kusimama. Fundisho la wakati ule lingali na nguvu hata leo: urafiki ni kitu chema, lakini mbele ya hakimu urafiki hausomeki.

DUKA, HOTELI NA MKAHAWA

Mpangaji aliyekingwa kuliko wote ni mwenye biashara. Mwaka 1965 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Sheria hiyo humlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa kabisa, na pia yule ambaye mkataba wake umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Ndiyo sababu baadhi ya wenye majengo hupenda kuandika mikataba ya miaka 5 na miezi kadhaa juu yake, ili wawe nje ya sheria hiyo. Mpangaji atazame sana hesabu ya miaka kabla ya kutia sahihi. Tena ajue ya kuwa anayepanga kibanda cha Serikali au cha halmashauri ya mahali hayumo katika ulinzi huu.

Kwa mpangaji aliyelindwa, mwisho wa mkataba sio mwisho wa kupanga. Mathalani fundi wa nguo amepanga chumba cha biashara mjini Runyenjes kwa mkataba wa miaka 2. Miaka hiyo ikiisha, fundi huyo hubaki mpangaji, kwa masharti yale yale, mpaka kupanga kwake kumalizwe kama sheria inavyotaka. Mwenye jengo akitaka kumwondoa, sharti ampe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria. Barua ya kawaida haitoshi. Notisi hiyo lazima itaje sababu, na haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji alipoipokea.

Sababu zenyewe si zozote zile. Zimetajwa katika sheria, na miongoni mwake ni hizi: mpangaji amekaa miezi 2 bila kulipa kodi iliyokwisha kupasa kulipwa, au ana tabia ya kuichelewesha, ameacha jengo liharibike hali ni wajibu wake kulitengeneza, amevunja masharti makubwa ya mkataba, au mwenye jengo anakusudia kulibomoa na kulijenga upya, ama kulitumia yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1. Kupata mtu mwingine atakayelipa zaidi si sababu.

Hapa ndipo wengi huanguka. Mpangaji apokea notisi, aikunja, aitia mfukoni, akisema moyoni ya kuwa Mungu atasaidia. Sheria yampa mwezi 1 wa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi kama akubali au akataa. Tena, akikataa, yampasa apeleke shauri lake mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku iliyotajwa katika notisi. Akifanya hivyo, notisi husimama mpaka Baraza litoe uamuzi. Asipofanya lolote, siku ikifika kupanga kumekwisha, hata kama sababu za mwenye jengo zilikuwa dhaifu. Sheria humsaidia anayesema; anyamazaye hupoteza haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Baraza hilo lina uwezo pia wa kuamuru mpangaji anayeondoka alipwe fidia kwa jina zuri alilolipatia duka lake, na kwa matengenezo aliyofanya kwa idhini ya mwenye jengo. Kwa hiyo atakaye kujenga rafu za ukutani au kutia saruji sakafuni, aombe idhini ya maandishi kwanza.

NYUMBA YA KULALA

Karani aliyepanga nyumba hana budi kuuliza swali moja kwanza: kodi halali ya nyumba ni kiasi gani? Iko sheria ya tangu mwaka 1959 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo, nayo huzihusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi za mijini zimekwisha kupita kiasi hicho, lakini viko vyumba, hasa katika miji midogo, ambavyo bado vimo.

Aliye ndani ya sheria hiyo hawezi kuondolewa kwa sababu tu muda wake umekwisha. Mwenye nyumba sharti apate amri, na ili aipate lazima aonyeshe sababu inayokubaliwa, kama vile kutolipwa kodi, uharibifu, au kuwasumbua majirani. Hata akiwa na sababu, lazima ionekane ya kuwa ni haki kumwondoa mpangaji. Na mwenye nyumba anayemuudhi mpangaji kwa makusudi, ili achoke aondoke au akubali kuongezwa kodi, atenda kosa linaloadhibiwa.

Nyumba aliyopewa mtu na bwana wake kwa ajili ya kazi haimo katika ulinzi huo. Anayekaa katika nyumba ya namna hiyo atafute pa kwenda mapema, kabla siku yake ya mwisho kazini haijafika.

Nyumba zenye kodi kubwa zaidi hufuata hati ya mapatano, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Sheria hii yasema ya kuwa mpangaji akibaki kwa idhini ya mwenye nyumba baada ya muda kuisha, kupanga huendelea kwa vipindi. Vivyo hivyo, mwenye nyumba akizidi kupokea kodi kwa miezi 2 baada ya mkataba kuisha, huhesabiwa kuwa amekubali kupangisha mwezi kwa mwezi. Tangu hapo, yeyote kati yao atakaye kuachana na mwenzake sharti atoe notisi isiyopungua mwezi 1, tena iishe katika siku ya kulipa kodi. Basi, ikiwa kodi hulipwa tarehe 1, na notisi imetolewa tarehe 10 Machi, mpangaji hatoki tarehe 31 Machi. Mwezi wa notisi waisha tarehe 10 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei.

Lakini mpangaji anayebaki bila idhini asijidanganye. Wajibu wake wote waendelea, pamoja na kodi, na mwenye nyumba aweza kumpeleka mahakamani.

SHAMBA LA KUKODI

Wakulima wengi wa Meru na Embu hulima ardhi ya wengine: viazi upande wa Timau, ndengu na mtama katika Mbeere na Tharaka, mahindi na maharagwe mahali pengi. Kwa kawaida hukodi kwa msimu, wakifuata mvua za Machi na zile za Oktoba. Kwa shamba linalokodiwa kipindi kwa kipindi, sheria ya mwaka 2012 imeweka kipindi cha miezi 6. Notisi ya kumaliza haipaswi kuwa fupi kuliko hapo, na ndivyo inavyofaa, kwa maana mkulima hawezi kuvuna siku aliyopanda.

Hata hivyo mkulima ndiye aliye dhaifu kuliko wapangaji wote, na sababu ni hii. Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka ukodishaji wa ardhi ya kilimo upate kibali cha bodi ya ardhi ya mahali, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano yalipofanywa. Pasipo kibali mapatano ni bure mbele ya sheria. Aliyelipa aweza kudai fedha yake irudishwe kama deni, lakini fedha ya kodi si mavuno. Wengi hukodi kwa kuaminiana bila kufika mbele ya bodi, na siku ya ugomvi kila mmoja hushangaa.

Basi yafaa mapatano yaandikwe, yataje mipaka, siku ya kuanza na ya kuisha, na neno moja ambalo husahauliwa sana: mazao yatakayokutwa shambani siku hiyo ni ya nani, na mpangaji apewe muda gani wa kuyavuna. Tena si busara kupanda kahawa, miraa, muguka au migomba katika shamba la msimu mmoja. Mti hukaa miaka mingi, na aliyeupanda huenda asile matunda yake.

HAKI YA MWENYE MALI, NA MAHALI PA KWENDA

Mwenye mali naye ana haki zake. Pengine ni mjane ambaye chumba kile kimoja cha kupangisha ndicho kinachowasomesha watoto wake. Mpangaji anayeacha kulipa kodi kwa kuwa amesikia ya kuwa sheria humlinda, huondoa ngao yake mwenyewe, maana kutolipa ni sababu ya kwanza ya kuondolewa. Kodi ikikataliwa mkononi, itumwe kwa benki au kwa simu, na ushahidi uwekwe. Stakabadhi, notisi na barua zikae pamoja mahali salama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katiba ya mwaka 2010 yahimiza ugomvi upatanishwe pia kwa njia za jadi, na katika mambo ya shamba wazee huweza kumaliza kwa siku moja lile ambalo korti ingelichukua mwaka. Lakini mwenye duka akumbuke ya kuwa kwenda kwa wazee hakusimamishi siku za notisi. Miezi yake 2 yaendelea kuhesabiwa. Shauri la biashara lipelekwe katika Baraza lake kwa wakati, hata kama mazungumzo bado yaendelea. Kwa mashauri ya ardhi iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi katika Meru, Embu na Chuka.

Mtu anayepokea notisi leo atazame kwanza tarehe yake, aiandike katika kalenda, kisha aulize: hili ni duka, ni nyumba, au ni shamba? Akijua jibu, atajua siku ngapi amebakiwa nazo, na kazi gani aifanye kabla hazijaisha.