Soko yenye paa ya miamvuli

Ndugu wanamemba, mvua ya Bunia tunaijua: magunia yakilowa, maharagi yanaoza na bei inaanguka. Kule Dar es Salaam, Tanzania, soko ya Kariakoo ilifunguliwa mwaka 1975. Jina lake linakumbusha wapagazi wa jeshi la Waingereza, vita ya 1914-1918. Beda Amuli, aliyeichora, aliweka paa za betoni kama miamvuli iliyogeuzwa: hewa inapita kati, maji ya mvua yanakusanywa. Chini ya ardhi kuna sehemu inayoitwa Shimoni. Lakini Julai 2021 moto uliunguza jengo. Basi kabla kooperative haijajenga depo, tuulizane: hewa itapita wapi? Maji yataenda wapi? Moto ukiwaka, tutauzima na nini?