Maneno ya Mashine ya Saiba

Fomu ya basari ina siku yake ya mwisho. Ukifika saiba uambiwe "mashine imekataa", usirudi nyumbani bado. Jua kwanza maneno haya.

Kuskani ni kuigeuza karatasi kuwa picha ndani ya kompyuta. Ukali wake huhesabiwa kwa nukta za kila inchi. Mimi kwa maandishi huomba 300 tu. 600 ni nukta mara nne, kwani huzidi kwa upana na kwa urefu pia, basi faili hunenepa na kukawia kutumwa.

Anwani ya IP, mfano 192.168.1.20, ni kama sanduku la posta la mashine mtandaoni. Ikibadilika, kompyuta hutuma kazi kwa sanduku la zamani, ikangoja bure. Mwombe mhudumu aikague. Kuuliza si ujinga!