Hesabu ya al-Jabr katika sarafu za Mwaloni

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani kuwa aljebra ni elimu ya darasani tu, isiyo na kazi sokoni wala katika mirathi. Dhana hiyo haiafikiani na historia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika anwani ya kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi huko Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833 Miladia. Katika utangulizi wake alieleza kuwa amekusudia hesabu ambazo watu huzihitaji katika mirathi, wasia, migawanyo, mashauri na biashara, na sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi.

Al-Khwarizmi hakutumia alama kama x. Aliandika kila kitu kwa maneno. Kiasi kisichojulikana alikiita shay', yaani kitu, na namba ya kawaida aliihesabu kwa dirham, ambayo ni sarafu. Basi nasi tutumie sarafu zetu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, amefariki. Baada ya kulipwa gharama za mazishi, madeni na wasia, umebaki mfuko wa sarafu za shilingi 100 na za shilingi 200. Mfuko una sarafu 120, na daftari lake linaonesha shilingi 19,200. Je, sarafu za shilingi 100 ni ngapi?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchanganya idadi na thamani. Sarafu 120 ni idadi, ilhali shilingi 19,200 ni thamani, na viwili hivi havilinganishwi mpaka idadi igeuzwe kuwa thamani. Sarafu za shilingi 100 tuziite kitu. Basi za shilingi 200 ni 120 kutoa kitu. Thamani ya za kwanza ni kitu mara 100, na ya za pili ni 24,000 kutoa kitu mara 200. Tukijumlisha tunapata mlinganyo huu:

24,000 − 100 kitu = 19,200

Hatua ya kwanza ni al-jabr, maana yake kurejesha kilichopunguzwa. Tunaongeza kitu mara 100 pande zote mbili:

24,000 = 19,200 + 100 kitu

Hatua ya pili ni al-muqabala, yaani kukabilisha. Tunaondoa 19,200 pande zote mbili, inabaki 4,800 = 100 kitu. Kwa hiyo kitu ni 48. Sarafu za shilingi 100 ni 48, na za shilingi 200 ni 72. Ukihakiki, 4,800 na 14,400 ni 19,200.

Faida yake ni kulinda amana. Zikitengwa sarafu zikaonekana za shilingi 100 ni 60, thamani ya mfuko ni 18,000, na kuna tofauti ya shilingi 1,200 inayopasa kuulizwa kabla ya kugawa. Kadhalika, lau daftari lingesema 19,250, jibu lingekuwa sarafu 47 na nusu. Nusu ya sarafu haipo, hivyo tungejua mara moja kuwa ama daftari ama hesabu ya sarafu ina kosa.

Ama kuhusu mgawanyo, tujaalie warithi ni mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wa marehemu wametangulia mbele ya haki. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, mke ana thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume ana mafungu mawili ya wa kike. Mke anapata 2,400. Inabaki 16,800. Fungu la binti tuliite kitu, basi la kaka yake ni kitu mara mbili, na vitu vitatu ni sawa na 16,800. Binti anapata 5,600 na kaka yake 11,200.

Sasa tazama hatari ya kugawa kwa idadi. Thumni ya sarafu 120 ni sarafu 15. Mjane akipewa 15 za shilingi 100, amepata 1,500 na amedhulumiwa 900. Akipewa 15 za shilingi 200, amepata 3,000 na wengine wamepunjwa 600. Mgawanyo sahihi unawezekana hivi: mke sarafu 12 za shilingi 200, binti 28 za shilingi 200, na mwana 32 za shilingi 200 pamoja na zote 48 za shilingi 100. Idadi hazifuati mafungu, lakini thamani zinafuata, na haki imo katika thamani.

Basi anayesimamia mirathi akumbuke mambo matatu: akipe jina asichokijua, ageuze idadi kuwa thamani, kisha asawazishe thamani kwa thamani. Wallahu a'lam.