Kabla ya kulipia kiwanja, pima kona kwa kona

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Fort Portal utapita Hima, mji wa saruji, kisha Kasese, hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe. Njia nzima, mfanyabiashara mwenye akiba na anayerejea nyumbani baada ya miaka mingi wana swali moja: kiwanja kina ukubwa gani?

Jibu la kawaida ni "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa 100. Mnunuzi hupima pande nne, akiona zimetimia hutoa fedha. Hapo ndipo anapoweza kuumia. Kiwanja chenye pande hizo hizo kikilala upande hadi kona moja iwe nyuzi 60, ukubwa hushuka kutoka futi za mraba 5,000 hadi 4,330 hivi. Umelipia ardhi isiyokuwepo!

Dawa ni kamba. Pima kona kwa kona, mara mbili. Ukipata karibu futi 112 kote kuwili, kona zimenyooka. Kile kilicholala kitakupa 87 na 132.

Kwa nini? Kamba hizo huzaa pembetatu mbili zinazokalia upande mmoja wa kiwanja. Pande zake tatu zikilingana, pembe zake za chini nazo hulingana. Na kwa kuwa pande zinazotazamana ni sawa, jumla ya pembe hizo ni nyuzi 180. Basi kila moja ni 90.

Siri ni kuongeza mstari ambao haukuwepo, na hilo ndilo limezisumbua kompyuta miaka mingi. Mwaka 1959, Herbert Gelernter wa IBM, Marekani, alieleza mashine yake ya kuthibitisha kanuni za jiometri ya shule. Miaka ya 1970, Wu Wen-tsun wa China aligeuza michoro kuwa hesabu za aljebra. Januari 2024, programu ya AlphaGeometry ya Google DeepMind ilitangazwa kutatua maswali 25 kati ya 30 ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati. Sehemu yake moja hupendekeza mstari wa kuongeza, nyingine hujenga hoja hatua kwa hatua.

Lakini programu hiyo haitakushikia kamba shambani, wala haijui kama muuzaji ndiye mwenye mali. Hilo waulize majirani na mwenyekiti wa LC1, na mpima ardhi akuwekee mipaka. Kabla ya kutia sahihi, ndugu msomaji, vuta kamba kona kwa kona.