Mdokozi Akikamatwa Sokoni

Soko la Darajani, pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, lilijengwa mwaka 1904. Nalo, kama masoko yote, halikosi wadokozi. Ukelele wa "Mwizi!" ukisikika, wako wanaokimbilia fimbo. Jamaa zetu, twawasihi msifanye hivyo. Kipigo huweza kumwua mtu kwa ajili ya kibaba cha mchele, na aliyempiga akashtakiwa kwa kuua. Tena huenda aliyepigwa siye aliyeiba. Mshikeni, mkampeleke kituo cha polisi pamoja na kitu kilichoibwa na mtu aliyeona. Ama vijana wasumbufu wa vichochoroni, shauri lao na lianzie kwa sheha, ambaye kwa sheria ya mwaka 2014 ndiye mkuu wa shehia. Yeye huwajua wazee wao.